Visima Visivyo na Bili

Ras Guetar, 9 Oktoba 2022

Binamu Lassaad,

“Tende ya kusini mwa Tunisia ni miongoni mwa mazao yanayoiumiza dunia kidogo kabisa.” Hayo umeyasema wewe, leo asubuhi, redioni, kwa ile sauti yako ya kusafisha koo kila unapofika nukta. Mkate umeniungulia kwa ajili yako. Kaka yangu Ammar akaingia jikoni akauliza kuna nini kinachoungua. Nikamwambia ni elimu ya binamu yetu.

Si kweli, Lassaad. Nawe unajua kwamba si kweli, ndiyo maana uliharakisha.

Umeeleza vizuri, sikatai. Maabara yenu ya Sfax imepewa fedha za utafiti ili kupima kila kinachotumika mpaka boksi moja la tende lifike dukani ng'ambo: mafuta ya lori, umeme wa chumba cha baridi, karatasi ya boksi, plastiki ya vile vyandarua tunavyoivisha mikungu isiingiwe na wadudu. Hata kamba umeitaja. Mtangazaji akastaajabu, “Hata kamba, Daktari?” Nawe ukacheka, “Hata kamba, bibie.” Sasa nakuuliza mimi niliyekufundisha sayansi ulipokuwa bado unafungwa vifungo vya koti na mama yako: mtende hunywa kamba?

Neno maji hukulitamka. Nilisikiliza mpaka wakaingiza muziki.

Kwa hiyo nikukumbushe mambo ambayo huko Sfax huyaoni. Huku kwenye bustani za zamani bado tunakunywa kwa zamu, kutoka mfereji mmoja, kama walivyokunywa babu zetu. Upande wa jangwani wasafirishaji wamefungua mashamba mapya, kila shamba na kisima chake, kila kisima na paa la vioo vya kukamatia jua. Tangu walipoanza kuvuta, zamu yetu inakuja imechelewa, na ikija inatambaa. Mitende ya mwisho wa mfereji, ambayo ni ya marehemu baba yako, imeinamisha vichwa. Ammar anasimama pale na jembe, anayatazama maji yanavyoingia.

Na jana, mbele ya mkahawa, Haji Naceur, mwenyekiti wa umoja wa wasafirishaji, ameniita kutoka upande wa pili wa barabara, watu wote wasikie: “Mwalimu! Mshukuru binamu yako! Tukipata ile alama ya kijani ya kipimo chake kwenye boksi, benki inatukopesha visima vingine!”

Nikamwambia, “Haji, na maji mtakopa wapi?”

“Chini!” akasema, na mkahawa mzima ukacheka.

Hilo ndilo utakaloligongea muhuri. Visima vipya vikichimbwa, bustani ya wazee wetu imekwisha, haitafika hata mtoto wa Ammar kuoa. Yarudishe maji kwenye hesabu yako.

Rebha


Sfax, 16 Oktoba 2022

Dada Rebha,

Barua yako imefika ikiwa bado ya moto; katibu wangu ameileta akiishika kwa ncha za vidole. Naona hujaacha kusahihisha watu kwa wino mwekundu.

Nikujibu kama mwanafunzi mtiifu. Kila kipimo kina mpaka. Ukitaka kujua boksi la tende linaigharimu dunia kiasi gani, lazima useme unaanzia wapi na unaishia wapi, la sivyo utapima mpaka viatu vya mchumaji na chai ya dereva. Fedha zetu nusu zinatoka kwa Mfuko, ambao ofisi zake ziko Ubelgiji, na nusu kwa umoja wa akina Haji Naceur. Wote wawili wametaka awamu ya kwanza ipime hewa chafu tu. Anayelipia upimaji ndiye anayechora mpaka. Sikuitunga mimi sheria hiyo, nimeikuta kazini. Nina vijana wanne hapa wenye shahada za juu ambao bila fedha hizi watakwenda kuuza simu.

Tena usiseme hatukuyagusa maji. Yamo nyuma, kwenye kiambatisho. Tumechukua bili za umeme za pampu, kama wafanyavyo wapimaji wote: bili inakuambia umeme uliotumika, umeme unakuambia maji yaliyopandishwa. Na hatukutosheka na karatasi. Nilimtuma mwanafunzi wangu wa udaktari, Insaf Triki, binti makini kuliko mimi, akae nanyi siku kadhaa na kuwauliza wakulima wenyewe. Wote wamesema maji yanatosha. Jibu la Ammar ninalo hapa mbele yangu, limeandikwa neno kwa neno: “Maji yapo, alhamdulillahi, tunazama.”

Sasa nifanyeje, dada? Nimwandike kaka yako kuwa ni mwongo?

Nisalimie nyumbani. Wewe kula mkate wa dukani siku ninazozungumza redioni.

Lassaad


Ras Guetar, 21 Oktoba 2022

Lassaad,

Ndiyo. Mwandike kaka yangu kuwa ni mwongo. Nimemuuliza mwenyewe, akiwa juu ya mtende anakata mkungu, nami chini nimeshika turubai.

“Ulimwambia yule binti aliyekuja nilipokuwa Gabès kwamba mnazama?”

“Nilimwambia.”

“Mnazama wapi, Ammar? Kwenye vumbi?”

“Rebha, yule alikuwa mgeni. Ametoka Sfax na mkoba begani, jua limembabua pua. Nimkaribishe kwa kumlilia kiu? Angeona haya hata kuomba maji ya kunywa.”

Akanirushia tende moja kichwani ili mazungumzo yaishe.

Umesikia? Huyo Insaf namsamehe, amekulia mjini karibu na bahari. Wewe sikusamehe. Wewe umezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Unajua kwamba katika Ras Guetar mwenyeji halalamikii maji mbele ya mgeni, hata kama mtungi umekauka, kwa sababu mgeni akisikia kuna kiu atakunja midomo na kuondoka hajanywa, na hiyo ni fedheha inayosimuliwa hadi kwa wajukuu. Mama yako alikuwa akimwaga maji ya makusudi uani, mgeni akipita, ili aone udongo umelowa. Umesahau? Ulikuwa ukitumwa kuyachota. Kisha unamtuma msichana wa watu aketi juu ya mkeka, ale tende zetu, anywe chai yetu, aulize kama tuna maji, na majibu unayaita takwimu!

Nikimaliza hilo nije kwenye bili zako. Jua la Ras Guetar limeanza lini kutuma bili? Visima vya jangwani havitumii umeme wa serikali. Vingi havina hata kibali. Asubuhi jua likipanda vinaanza kunyonya vyenyewe, linapozama vinalala, na hakuna mtu anayeleta karatasi. Kwa hiyo katika jedwali lako kisima kikubwa kuliko vyote kimeandikwa sifuri. Halafu, kwa kuwa hakichomi mafuta, unakipa sifa ya pili kwamba hakitoi moshi! Kinalikausha jangwa na wewe unakivika taji. Ammar, ambaye chama chake cha maji kinalipia bili ya kila saa ya ile pampu kuukuu inayoujaza mfereji, ndiye anayeonekana mharibifu katika hesabu yako. Mtu anayekunywa kwa zamu ameshindwa mtihani, na anayekunywa bila kuulizwa amepata alama zote. Mimi nilifundisha miaka mingi, sijapata kusahihisha karatasi ya ovyo kama hiyo.

Jibu hili. Usijibu mkate.

Rebha


Sfax, 29 Oktoba 2022

Dada Rebha,

Nimekuelewa. La bili ni kweli, na la wageni ni kweli, na nilikuwa nayajua yote mawili.

Nakuomba jambo moja tu. Usilipeleke jambo hili kwenye makala zako za gazetini. Si mwezi huu. Subiri hadi mwanzo wa Desemba, kisha andika unavyotaka, unitukane kwa herufi kubwa. Siwezi kukueleza sababu kwenye karatasi, na kwa simu ndiyo kabisa, ukumbi wetu una masikio.

Mara moja katika maisha yako niamini bila ushahidi.

Lassaad


Ras Guetar, 3 Novemba 2022

Lassaad,

Kila aliyewahi kuniomba nisiandike alikuwa na sababu asiyoweza kuieleza. Mkuu wa shule alikuwa nayo. Yule gavana wa zamani alikuwa nayo. Nilidhani familia yangu haina.

Unasema ulikuwa unajua. Ulijua, ukaenda redioni ukasema ulichosema. Na sasa unataka nikae na mdomo umefungwa huku Haji Naceur anawaonyesha watu mahali atakapochimba. Ameshapigilia vigingi. Nimeviona kwa macho yangu, vina vitambaa vyekundu juu, kama anasherehekea.

Barua yako imenikuta nimeshachelewa, au wewe umechelewa, chagua unalopenda. Makala imetoka leo katika gazeti la wiki la Gabès, ukurasa wa mbele, chini ya picha ya mitende ya baba yako. Nimeitaja maabara yako. Jina lako sikulitaja, lakini nimeandika “daktari mmoja, mtoto wa bustani hizi”, na huku hatuna madaktari wa kuchanganya.

Nakuambatishia nakala. Wino mweusi safari hii.

Rebha


Sfax, 12 Novemba 2022

Rebha,

Sikuiti dada leo.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa kuwa hakuna tena cha kuficha. Ombi letu la awamu ya pili liko mezani kwa kamati ya Mfuko. Ndani yake niliweka maji. Si kiambatisho, Rebha, ni maji kweli: mita kwenye kila kisima cha Ras Guetar, cha zamani na cha jangwani, chenye kibali na kisicho nacho, na mshahara wa mtu wa kukaa hapo kuzisoma. Mtu huyo ni Insaf. Wazo lenyewe ni lake. Aliporudi kutoka kwenu aliniambia, “Daktari, wale watu walinijibu vizuri mno.” Alikuwa ameona mitende iliyoinama. Hakuhitaji kuzaliwa nyumba ya tatu.

Sura hiyo ya maji nikaipa jina la kuchosha, “Uhakiki wa Takwimu za Shambani”, nikaiweka katikati, baada ya majedwali. Kwa nini? Kwa sababu umoja wa wasafirishaji lazima utie saini ili nusu yao ya fedha itoke, na Haji Naceur husoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Saini ilikuwa itoke mwisho wa Novemba. Siku hiyo moja ndiyo niliyokuomba.

Makala yako imesomwa. Haji amelisoma ombi lote, safari hii na wakili pembeni. Sharti lake limekuja jana: maji yaondolewe kwenye ombi, au umoja unajitoa. Nimepiga simu mchana kutwa. Nimeambiwa na kila mtu kwamba makala yako imeandikwa vizuri sana.

Mkataba wa Insaf unaisha Desemba. Bila awamu ya pili yenye maji hana kazi. Ulifyatua ukidhani unanipiga mimi, na aliyeanguka ni yeye, ambaye hata humjui sura.

Na jambo la mwisho. Wakubwa wa kamati wameona picha ya mitende kwenye gazeti lako na wameingiwa na wasiwasi. Wanakuja wenyewe, tarehe 24, kuona na kuuliza. Wakiridhika kwamba wakulima wana shida ya maji, Mfuko unaweza kulipa nusu ya Haji na kuendelea bila yeye. Wasiporidhika, alama ya kijani inatolewa kama ilivyo, kwa kipimo cha hewa peke yake.

Nasikia umeshinda. Hongera.

Lassaad


Ras Guetar, 15 Novemba 2022

Lassaad,

Ungeniambia. Hilo kwanza. Ungekuja, ukaketi jikoni, ukaninong'oneza, ningekaa kimya mpaka ulimi unioze. Umeniomba nikuamini kwa mistari sita, na wewe hukuniamini kwa mmoja.

La pili ni gumu zaidi kuliandika. Insaf amenijia. Sikumwalika. Nimefungua mlango nimemkuta amesimama, mkoba begani, akasema, “Wewe ndiye Bi Rebha? Makala yako nimeipenda. Imenifukuza kazi.”

Nikamwambia, “Ingia, kuna kuskusi.”

“Nimekuja kugombana.”

“Utagombana ukishakula.”

Akala. Sijui alikula kwa hasira au kwa njaa, lakini alimaliza. Kisha tukagombana. Alinieleza mita zinavyofungwa, kisima kimoja baada ya kingine, na mimi niliyezoea kueleza nilikaa nikisikiliza. Ammar alipoingia, akamwona, akaanza palepale, “Karibu, karibu mwanangu, mwaka huu mvua...” Nikamkata jicho. Akanyamaza kama mtoto aliyekamatwa na mkono ndani ya sukari.

Silikani nililoandika. Maji yanayohitaji kufichwa katikati ya majedwali ili yapimwe yangefichwa tena siku ya kusomwa. Ninaliamini hilo. Lakini tangu niamke leo nazunguka nyumba hii, nashika kitu nakiacha, na kila nikikaa naiona ile pua iliyobabuka.

Basi waje hao wakubwa. Nimekwenda bustani kwa bustani, mlango kwa mlango. Nimewaambia: wakiuliza, semeni ukweli, zamu inachelewa, mitende inakufa. Wengine wamesitasita, maana hata huku kwenye bustani za zamani wako waliochimba visima vidogo nyuma ya ukuta na wanaogopa faini. Nimewaambia hakuna atakayeuliza jina. Wamekubali. Ammar ameapa kwa kaburi la mama. Yeye ndiye atakayewapokea, kwa kuwa ua wetu ndio mkubwa.

Wewe njoo utafsiri. Mimi na Insaf tutawasubiri mwisho wa mfereji, kwenye mitende ya baba yako, ili wakitoka kusikia waje waone.

Rebha


Sfax, 26 Novemba 2022

Dada Rebha,

Ulitaka kujua ilikuwaje uani, na Ammar hataki kukuambia, na mimi niliondoka na gari lao bila kukuaga. Sikuweza kukutazama.

Walikaa vizuri. Bi Vermeulen, mwenyekiti wao, alivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, na nikaona Ammar amempenda papo hapo. Yule mchumi mwenye ndevu nyekundu alisema tende zenu hazina mfano. Wa tatu, mwanamke mtaalamu wa udongo, aliumwa na kichwa kwa safari, na mke wa Ammar akamletea mto. Mambo yalikuwa mazuri mno, Rebha. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Bi Vermeulen akafungua daftari, akauliza taratibu, kwa heshima, nami nikatafsiri: “Je, maji mnayopata yanawatosha?”

Ammar alikuwa amesimama na birika, anamimina kutoka juu ili povu lipande. Akanitazama. Wazee wote ukutani wakamtazama yeye. Niliona mdomo wake unajaribu. Wallahi alijaribu. Kisha akatazama chini, akaona gilasi ya yule mama anayeumwa kichwa iko tupu.

“Yapo,” akasema, “alhamdulillahi. Yapo tele. Mwambie anywe, anywe, asiogope.”

Na wazee wote, wale uliowazungukia mlango kwa mlango, wakaitikia pamoja: “Tele! Tele! Mungu awape na ninyi!”

Nilikuwa mkalimani. Sentensi ilikuwa mikononi mwangu. Ningeweza kuigeuza, hakuna aliyekuwa anajua lugha zote mbili isipokuwa mimi. Ningeweza kusema kwa Kifaransa: huyu anasema uongo kwa adabu, tokeni mkaangalie mfereji. Lakini nitamwitaje mwenyeji mwongo, ndani ya ua wake, ameshika birika, na mimi nimekalia mkeka wa shangazi yangu? Nikatafsiri kama ilivyo. Hata “alhamdulillahi” nilitafsiri.

Bi Vermeulen akatabasamu, akaandika. Halafu nyama ikaletwa. Nilisema, “Kabla ya kula, twendeni mara moja mwisho wa mfereji.” Ammar akanishika bega akanikalisha: “Wageni watoke nyama inapoa? Umekuwaje, Lassaad?” Baada ya chakula dereva akasema wataikosa ndege ya Tozeur.

Mlikuwa mmesimama kule, wewe na Insaf. Niliwaona kwa mbali kutoka dirishani mwa gari. Uliinua mkono. Yule mchumi alidhani unawaaga, akakupungia.

Ripoti ya ziara imeshaandikwa. Inasema: “Wakulima wenyewe wamethibitisha kuwa maji yanatosheleza.” Kura ni Jumanne, tarehe 6 Desemba. Mimi sina tarakimu ya kupinga. Nina kiambatisho chenye sifuri na wazee kumi waliosema tele. Nikipinga wataniuliza mbona nilitafsiri hivyo, na sitakuwa na jibu linaloweza kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Wewe unaweza. Huna haya, namshukuru Mungu kwa hilo, na nayafuta yote niliyowahi kusema juu yake. Anwani zao nimeziandika nyuma ya ukurasa huu. Waandikie. Useme kwamba mkalimani alikuwa nani na kwamba alikaa kimya. Nimeshawaambia maabara watafute mtu wa kukaa kwenye kiti changu kama wataona hilo ni kosa la kunifukuza.

Lassaad


Ras Guetar, 29 Novemba 2022

Kwa Bi Vermeulen na wajumbe wa kamati mliofika kwetu tarehe 24,

Mmeandika: “Wakulima wenyewe wamethibitisha kuwa maji yanatosheleza.” Tuliwadanganya.

Mimi ni dada yake Ammar, mliyekula nyumbani kwake. Ua ule ni wangu pia, kwa hiyo nina haki ya kusema haya kama mwenyeji, na hakuna mwenyeji wa Ras Guetar aliyewahi kuyasema. Ammar ameniona nikiandika. Ameuliza ni barua ya nani, nimemwambia, na tangu hapo hasemi nami, anamwambia mkewe, “Mwambie yule apishe.” Anasema nimewafanya wageni wake waonekane kama walikula nyama ya watu maskini. Ndivyo ilivyokuwa. Yule mbuzi mliyemla alikuwa mmoja kati ya wawili tuliokuwa nao. Maji ya chai yaliletwa kwa punda kutoka kwa jirani.

Hatukuwadanganya kwa sababu tumenunuliwa. Kuna watu hapa wanaonufaika na uongo ule, wale wa visima vya jangwani, lakini hao hawakuwa uani. Waliosema “tele” ni wale wanaokauka. Walisema hivyo kwa kuwa mlikuwa mmevua viatu, mmeshika gilasi, na mwenzenu mmoja anaumwa. Mngekuwa watu wabaya mngeambiwa ukweli. Mkalimani wenu ni binamu yangu, Daktari Lassaad, mtoto wa mahali hapa. Alijua, akakaa kimya, na ameniruhusu niwaambie. Mwanamke mliyempungia mkono kutoka garini ni mimi. Sikuwa nawaaga. Nilikuwa nawaita.

Mtasema: basi tumwamini nani, kaka au dada? Msimwamini yeyote kati yetu. Mimi ni mwandishi wa magazeti, naishi kwa hasira, na mwezi huu hasira yangu imemgharimu kazi mtu asiye na kosa. Ninachowaambia ni kwamba njia yenu ya kuuliza haiwezi kamwe kupata jibu hapa. Mnatoa fedha za ziara ya siku moja. Siku moja sisi tunaweza kuificha kiu yetu yote. Wiki moja pia. Mwezi, kwa taabu. Bili hazitawasaidia, kwa kuwa jua halitoi bili. Na boksi litakwenda dukani na alama yenu ya kijani, mama wa Ubelgiji atalichukua akidhani amefanya wema, na bei nzuri atakayolipa itageuka kuwa kisima kingine kule vilipopigiliwa vigingi.

Nimesema na wazee, mmoja mmoja, bila chai. Wanakubali mita kwenye visima vyote, pamoja na vile vidogo nyuma ya kuta zao wenyewe, kwa sharti kwamba majina yao yasipelekwe kwa mtu wa faini. Kisima cha nyuma ya ukuta wetu kiwe cha kwanza. Ndiyo, na sisi tunacho. Ammar alikichimba mwaka jana, mfereji ulipochelewa kupita kiasi, na tayari kimeanza kutoa chumvi.

Kwa hiyo nadai haya kwenu, kwa majina yenu. Bwana mchumi, ulizisifu tende zetu. Jumanne ya kura kataa kuzigongea muhuri mpaka ujue zimekunywa nini, na ukishindwa kuwashawishi wenzako, omba kura yako ya hapana iandikwe. Bi mtaalamu wa udongo, nakuombea afya. Dai mbele ya kikao kwamba kisima kisichopimwa kiandikwe “hakijapimwa”, kamwe kisiandikwe sifuri. Nawe Bi Vermeulen, ile nusu ya fedha aliyoizuia Haji Naceur uitoe wewe, na umlipe Insaf Triki aishi Ras Guetar mwaka mzima, apange chumba, asimame kwenye foleni ya mtungi pamoja nasi, agombane na Ammar juu ya zamu, mpaka asubuhi moja mtu amfokee mlangoni kwamba maji hakuna aende zake. Siku hiyo ndiyo mwandike.

Rebha Gharsalli